Nyuzi Nne Mlangoni

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na misumari mdomoni kama kawaida yako, na kwamba hujameza hata mmoja. Mimi sijambo. Baridi ya huku imeingia mpaka kwenye maji ya kunywa, lakini chumba chetu cha kazi kina joto kama jiko, maana hoteli ni kubwa na mashuka yake yote yanapitia kwetu. Nilikuwa kwenye mashine ya kupiga pasi, roli mbili nene zinazozunguka. Unalilisha shuka kwa mbele, linatokea nyuma limenyooka kama karatasi. Wenzangu wanaiita Mama Mkwe, kwa sababu haipendi kuzoewa. Tangu mwezi uliopita wamenitoa pale wakaniweka mezani, nakagua madoa kwenye foronya. Ni kazi nyepesi.

Mjomba, nina ombi. Ile ukulele yangu, kigitaa cha nyuzi nne, iliyotundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu, naomba uiuze. Usiniulize sana. Atakayekuja kuitazama mwambie ni konseti, imetumika miaka mingi, uso wake ni mahogani ya kweli, ubao mmoja, lakini mgongo na mbavu ni plaiwudi. Karibu na tundu pana mkwaruzo wa kucha zangu. Usiufiche. Fedha itakayopatikana mnunulie mama godoro, lile la zamani limebonyea katikati.

Nikirudi sitaki niikute.

Mama anaendeleaje? Bado anatia komeo mapema, jua lingali juu ya mabati? Mwambie namsalimu sana.

Mpwa wako,
Chiriku


19 Machi

Chiriku, jicho langu la kulia (la kushoto limeingia vumbi la mbao tangu asubuhi),

Marahaba, marahaba ya pande zote nne za nyumba. Barua yako imekuja kwa miguu, nadhani, maana hata stempu ilikuwa imechoka. Karani wa posta alisimama kunikabidhi. Wengine huwarushia.

Sisi hatujambo. Bati la jikoni lilitoboka nikaliziba kwa gundi yangu mwenyewe, gundi ambayo nikikuambia ninavyoipika utaniibia utajiri. Bado nalala sebuleni kwenye kochi langu, kama ulivyoniacha, na karakana iko barazani palepale. Kazi ipo. Juzi nimemaliza kochi la bwana mmoja mkubwa, sitamtaja hata kwa cheo. Alikaa kulijaribu akalala palepale kutwa nzima, watu wake wakaja na machela wakidhani amezimia. Hilo ndilo kochi, mpwa wangu. Na wewe hongera kwa kupandishwa cheo! Kutoka mashine mpaka meza si mchezo. Mtu wa meza ni mtu wa meza. Nilimwambia mama yako zamani kwamba kichwa umerithi kwangu. Mimi shule nilitoka mwenyewe, hakuna aliyenifukuza, na mwalimu alilia.

Sasa hiyo ala. Nimeishusha kwenye msumari, nimeigonga kwa kucha, nimeinusa, na mgongoni nimeilamba kidogo. Plaiwudi nani kakwambia? Hiyo ni mninga. Mninga una uchungu wake ulimini, na huo uchungu ninao mpaka sasa ninapoandika. Mtu aliyekuuzia hakujua alichokuwa nacho. Basi nimeandika kibao kwa rangi nyekundu nikakiweka barazani: UKULELE YA TENORI, MNINGA MTUPU, IMEPIGWA MBELE YA WAKUBWA. Najua umesema konseti. Lakini konseti nani anaijua? Mimi niliimba tenori kwenye kwaya ya shule, na siku nikiimba wenye madirisha ya vioo walikuwa wanaombwa radhi mapema. Tenori ni sauti ya kiume. Mtu akisikia tenori anaingiza mkono mfukoni.

Amekwisha kuja mwalimu mmoja wa kwaya, mrefu, suruali fupi. Akaishika, akapitisha kidole kwenye nyuzi nne tupu, bila kuzibana popote, juu kwenda chini, mara mbili, asikie kama zimekaa sawa. Hapo mama yako akatoka chumbani amejifunga kitenge, akatupita kama hatupo, akaenda mlango wa mbele, akavuta komeo. Akachungulia nje. Akasema, "Kikapu kizito, mpokeeni." Mimi nikacheka, mwalimu naye akacheka. Unajua mwenyewe ulivyokuwa ukirudi kutoka kufundisha chekechea, ukulele inaning'inia kifuani, mkono mmoja kikapu, mwingine unazikwangua nyuzi mlangoni badala ya kubisha hodi kama binadamu wenzio.

Mwalimu hakununua. Alisema ni ndogo kwa tenori na kwamba mgongo ni plaiwudi. Nikamwambia aende akapimwe masikio.

Mama yako hajambo. Anakula. Wewe unakuja lini?

Mjomba wako,
Fundi wa Mafundi


30 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia bati limezibwa, na pole kwa yule bwana wa machela. Huku theluji imeisha, limebaki tope. Mwenzangu wa chumba ameolewa amehama, kwa hiyo nina kitanda cha pili ninachowekea nguo. Kazi ni foronya zilezile.

Nilicheka sana kwa hicho kibao. Halafu nikaacha kucheka. Tafadhali kifute. Hizo si sauti za kwaya, Mjomba, ni miili. Soprano ndiyo ndogo kuliko zote, ukiilaza kwenye mkono kutoka kiwiko inapita ncha za vidole kidogo tu. Sauti yake ni ya kuchekacheka, na mwenye vidole vinene anajikanyaga mwenyewe. Konseti imeizidi kidogo. Shingo imerefuka, vidole vinapata pa kukaa, na bado unaweza kushinda nayo kifuani. Tenori ina tumbo pana na sauti iliyojaa, wanaipenda wanaopiga mbele za watu. Baritoni hata nyuzi zake hazifungwi kwa sauti hizohizo, iko jirani na gitaa, na mtoto mdogo ukimpa anaikumbatia kama mtungi. Nilichagua konseti kwa ajili ya watoto wa chekechea. Soprano, watoto wa nyuma walikuwa hawaisikii, na tenori ilinizuia kuinama kuwafuta makamasi.

Na mbao vilevile. Msonobari una sauti kali, safi, inafika mbali. Mwerezi ni mpole, kama mtu anayeongea na aliyelala. Mahogani iko katikati, ina joto. Na plaiwudi si tusi. Haipasuki kwa jua wala kwa unyevu. Uso wa ala ndio unaoimba, mgongo unabeba tu. Kwa hiyo acha kulamba.

Sasa, Mjomba. Umeniandikia ukurasa mzima wa mninga, na mama umempa neno moja. "Anakula." Hata kuku anakula. Kwa nini alivuta komeo? Mimi sijasimama kwenye mlango ule mwaka wa tatu sasa. Alikuwa anatania?

Kuhusu kuja, ruhusa ni ngumu. Tutaona.

Chiriku


11 Juni

Kwa mwalimu wangu wa ukulele,

Salamu nyingi, na marahaba iliyochelewa. Mvua imenyesha mpaka kitambaa cha viti kimeota ukungu, nikaona bora nikiuze kama rangi mpya. Kimenunuliwa! Yule bwana mkubwa amerudisha kochi, springi moja imemchoma mahali asipoweza kupaonyesha watu. Nimemwambia springi zangu zina nguvu kupita kawaida.

Nimesoma somo lako la miili. Kumbe mimi ujanani nilipiga baritoni bila kujua jina lake! Niliipiga kwenye harusi moja mpaka bwana harusi akamwacha bibi harusi mezani akaja kukaa miguuni pangu, wakaja kumchukua wazee. Siku hizi vidole vimejaa gundi. Kibao nimekirekebisha, tenori nimefuta nikaandika KONSETI. Mninga nimeuacha. Tusikilizane hapo.

Wateja wanakuja. Foleni imefika kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ingawa wengine walikuwa wamekuja kunyolewa. Shida yao ni moja. Kila anayeishika hawezi kuitazama tu kama watu wanavyotazama meza. Lazima apitishe kidole kwenye nyuzi. Sijui ni ugonjwa gani. Kwa hiyo nimeijaza sponji. Sponji ya daraja la kwanza, ile ya viti vya wakubwa, nimeisukuma kwenye tundu kwa kijiti mpaka tumbo limeshiba. Ni kwa usalama wa ala, isipigwe na baridi. Sasa ukiipiga inasema pu, pu, kama mtu anayegonga mto. Wateja wanaitikisa, wanaichungulia, wananirudishia. Mmoja kaniuliza kama imekufa.

Mama yako hajambo. Asubuhi anakula. Jioni anapenda kukaa kwenye kiti karibu na mlango, kwa ajili ya hewa. Mlango ukiwa na komeo, ndiyo, lakini hewa hupita chini.

Mimi naona hivi. Ungepata ruhusa hata ya wiki mbili ungekuja ukaipiga mwenyewe pale ngazini, kama zamani, mara moja tu. Baada ya hapo naiuza siku hiyohiyo, hata kwa mpita njia. Mtu wa meza hawezi kukosa wiki mbili.

Mjomba wako,
Fundi wa Mafundi (na mpiga baritoni mstaafu)


20 Julai

Mjomba, shikamoo. Mimi mzima. Natumaini na nyinyi mko wazima.

Toa sponji. Hakuna muuzaji anayekiziba mdomo kitu anachokiuza. Wewe una maneno mengi lakini mjinga hujawahi kuwa. Kuna mtu unamficha hiyo sauti, na ndani ya nyumba hiyo mko wawili tu.

Kila mtu akizigusa nyuzi mama anadhani ni mimi nimerudi. Ndiyo? Nijibu ndiyo au siyo.

Mimi sitakuja kupiga ngazini. Sipigi tena, Mjomba, na usiniulize. Uza kwa yeyote, kwa bei atakayotaja yeye. Halafu niandikie ukweli wa mama. Mistari mitano, na ndani yake kusiwe na kochi hata moja.

Chiriku


2 Septemba

Chiriku, mtoto wa dada,

Marahaba. Mistari mitano mimi naitumia kusalimia tu, lakini nitajaribu.

Ndiyo.

Kuna siku mama yako hanijui. Ananiita fundi, ananiuliza kiti chake kitakuwa tayari lini. Mimi, mdogo wake, niliyebebwa kwenye mgongo ule. Namwambia kesho, dada. Macho nayo yameingia ukungu, anaona vivuli. Lakini wewe anakujua. Mwaka haujui, mwezi haujui, anajua kwamba jioni ukimaliza kazi utakuja na utazipiga zile nyuzi, naye atavuta komeo. Mwalimu wa kwaya alipopiga niliona ni kichekesho, nikacheka. Mteja wa pili alipopiga mama yako akatoka tena, akavuta, akasimama. Nikamwambia, dada, si yeye, huyu ni mteja. Akanitazama kama nimemwambia umekufa. Akalia kwa sauti ya mtoto mdogo. Mteja aliona haya, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo simwambii kitu. Anasimama na mlango wazi mpaka magoti yanaanza kumtetemeka, anasema, "Anavua viatu," namrudisha kitini polepole, kesho yake amesahau. Basi ndiyo nikaleta sponji. Ningefanyaje? Ningewaambia wateja wanunue bila kugusa?

Kochi halimo. Umeona?

Ala nimeiuza. Nilitoa sponji kwa koleo, nikamuuzia kinyozi wa ng'ambo. Kabla sijafungua mdomo akasema, uso mahogani, mgongo plaiwudi. Nikamwambia macho yake yana sabuni. Akacheka akalipa. Godoro nimenunua, zito, mama yako anasema ni kama kulala juu ya mtu mnene.

Nilidhani ng'ambo ya barabara ni mbali. Barabara yetu ni nyembamba, Chiriku. Asipokuwa na kichwa cha kunyoa anapiga. Na kila akianza, kabla hajaingia kwenye wimbo, anapitisha kidole kwenye nyuzi tupu kuzisikiliza. Mama yako hapo huwa amekwisha kufika kwenye komeo. Nilimfuata kinyozi nikamwomba apige ndani. Ndani ni padogo, anasema, atamchoma mtu kwa kiwiko. Lakini ni mtu mwema, siku hizi anapiga amegeukia ukuta. Sauti haijui kugeuka.

Sikuombi upige. Kama hupigi tena basi hupigi, una sababu zako na mimi nina zangu za kutouliza. Nakuomba uje tu. Njoo hata mikono mitupu.

Mjomba wako


9 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Nashukuru kwa godoro. Nashukuru kwa ile "ndiyo". Niliisoma barua yako chooni kazini, nikakaa humo mpaka msimamizi akaja kugonga.

Umesema nije hata mikono mitupu.

Ilikuwa Januari. Shuka lilijikunja linapoingia kwenye roli, nikalinyoosha kwa mkono wa kushoto kama nilivyokuwa nikifanya kila siku. Mama Mkwe hakuachia. Kidole cha shahada na cha kati havipo, vilivyobaki vimekakamaa, havikunjiki. Barua yangu ya kwanza nilikuandikia mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Ukanipongeza kwa cheo, na mimi nikaona afadhali iwe hivyo. Waliniweka kwenye foronya kwa sababu foronya ni kazi ya mkono mmoja na nusu. Ndiyo maana nilitaka iuzwe. Ningeikuta pale nyuma ya mlango ningefanya nini nayo?

Sikuogopa mama auone mkono. Angeushika, angeufunga kitambaa, angenigombeza, ningevumilia. Tangu barua yako ya Machi naogopa kitu kingine. Yeye ananijua kwa nyuzi. Sasa nikisimama ngazini nikabisha hodi kama binadamu wenzangu, unavyosema, atavuta komeo? Au atasema fundi, kuna mteja wako mlangoni? Nimelala na swali hilo miezi, na kila nikitaka kuomba ruhusa linanirudisha kitandani.

Lakini nimeomba. Nimepewa Desemba, mwishoni. Usimwambie, asije akaanza kukaa mlangoni mapema. Nijibu hilo moja tu, na usinitie moyo kwa hadithi zako. Nikibisha, atafungua?

Chiriku


17 Novemba

Chiriku, mtoto wa dada yangu,

Kama umesimama, kaa.

Mama yako ametutoka mwanzoni mwa mwezi huu. Tumemzika, watu walikuja wengi, kweli wengi, siongezi. Barua yako imefika juzi.

Nilikwenda posta kukupelekea telegramu. Karani akaisoma akaniambia nipunguze maneno, kila neno linalipiwa. Nikapunguza, akasema bado. Nikapunguza tena mpaka yakabaki mawili. Nikayatazama yale mawili peke yake kwenye karatasi, nikamrudishia kalamu, nikarudi nyumbani. Nisamehe. Haya ndiyo maneno yote.

Wiki ile ya mwisho alikuwa hatoki kitandani, hataki chakula wala maji. Kinyozi alikuwa akipiga ng'ambo yeye hageuzi hata kichwa. Mimi niliyechoka na lile komeo, nikaanza kuomba anisumbue nalo tena. Alasiri moja nikavuka barabara. Nikamwambia kinyozi, njoo usimame kwenye ngazi yetu, usipige wimbo, piga nyuzi nne tupu, juu kwenda chini, mara mbili, kisha unyamaze. Alikuwa na mteja kitini, povu kidevuni. Akamwacha akaja.

Alipopiga, mama yako akafumbua macho.

Akasema, "Fungua." Nikasema, pumzika dada, nakwenda. Akasema, "Wewe fundi hulijui komeo letu." Akainuka. Nilimshika chini ya kwapa, alikuwa mwepesi kama fremu isiyotiwa kitu. Komeo lile hukwama katikati, yeye alilinyanyua kidogo kwanza ndipo akalivuta. Kinyozi kasimama pale na aproni yake. Mama yako akanyoosha mkono akaushika wake, akaupapasa. Akauliza, "Kikapu kiko wapi?" Kinyozi ananitazama mimi. Nikasema, nimekipokea. Akauliza, "Mbona Chiriku haongei?" Nikasema, amechoka na safari, dada. Akafikiri. Akasema, "Basi mwacheni alale." Akarudi kwenye godoro lake, akanywa maziwa nusu kikombe, akaniambia nifunge mlango, mtoto ameshaingia. Asubuhi hakuamka.

Unanijua. Nimewadanganya watu maisha yangu yote, nao wanajua nadanganya, tunacheka wote. Dada yangu hakujua. Kinyozi alipotoka alikuwa anajifuta uso kwa taulo ya mteja.

Umeniuliza swali na umenikataza hadithi. Ungebisha, angefungua? Kuhusu kubisha sijui, mpwa wangu, hukuwahi kubisha. Najua hili. Nimesoma barua yako, nikamfuata kinyozi, nikaining'iniza ile ala kifuani na nikatia mkono wa kushoto mfukoni. Zile nyuzi za mlangoni ulikuwa ukizipiga tupu, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na kikapu siku zote. Nimezipiga hivyohivyo nilivyokuwa nikikusikia nikiwa hapa barazani. Zinalia vilevile.

Sikuandika hilo ili likuumize. Nimekaa nalo siku mbili nikaona si langu kulificha.

Mkono huo utakuja nao hivyohivyo. Mimi nina kidole kimoja ambacho randa ilikitoa ncha, nimekuwa nikiwaambia watu ni mamba. Tutakuwa wawili.

Ukulele imerudi nyumbani. Kinyozi alikataa fedha, kwa hiyo nimevivisha viti vyake upya, vyote, na safari hii springi nimezikagua. Kipande kidogo cha sponji kimebaki tumboni, hakitaki kutoka, ukiinamisha utakisikia kinatembea. Nimeitazama vizuri juani. Uso ni mahogani, mgongo ni plaiwudi. Kibao nimekipasua.

Nimeitundika nje kando ya mlango, upande wa kulia, chini kidogo ya bega lako. Mvua haifiki pale. Ukija Desemba, usibishe hodi. Mimi nitakuwa sebuleni nimetia komeo, jua lingali juu ya mabati. Linakwama katikati. Sasa nalijua komeo letu, unalinyanyua kidogo kwanza.

Mjomba wako